Zamu ya Usiku

Kikao cha wazazi kilianza saa nne asubuhi kikafika saa saba mchana, na karibu muda wote huo tulikuwa tunapima mahindi. Ilikuwa mwezi wa Mei, katika shule moja ya msingi kata ya Nyabusozi, wilayani Biharamulo, wiki chache kabla ya likizo ya Juni. Watoto wa darasa la saba walitakiwa kuingia kambini, walale shuleni wiki tatu wakijiandaa na mtihani wa Septemba. Je, ni debe zima la mahindi kwa kila mtoto, au nusu debe pamoja na hela ya kusagia? Maharage sado ngapi? Kuni zije vichwani mwa watoto au zinunuliwe kwa mkupuo? Mwalimu wa hisabati atakayebaki mpaka jioni apewe posho gani? Kila hoja ilipata watetezi wake, wengine wakasimama mara mbili mbili. Mwalimu Mkuu aliandika ubaoni kila kilichokubaliwa.

Tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono.

“Shikamoo Mwalimu. Mimi nauliza, usiku ni nani?”

Mwenyekiti wa kamati alisubiri, akidhani swali halijaisha. “Usiku nani kivipi, mama?”

“Mchana walimu wapo, nimesikia. Jioni yupo wa hisabati. Wakishalala, ni nani?”

Ubao ulikuwa umejaa, lakini jambo hilo halikuwamo.

Nimeshahudhuria vikao vya namna hii zaidi ya kimoja, na nimesoma kiasi habari za kambi za watoto za nchi nyingine. Sijapata kusikia kipimo cha ubora wa walezi kilicho kifupi kuliko swali la yule mama. Sisi huwa tunauliza mlezi ana cheti gani, anajua kufundisha nini, analipwa kiasi gani. Hayo yote ni maswali ya mchana. Kambi ya bei nafuu hubana matumizi mahali ambapo hapaonekani, na pahala pasipoonekana kuliko pote ni kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Neno lenyewe huku kwetu lina uzito wake. Ukimtajia mtu wa Ngara “kambi”, hafikirii watoto wakiimba kuzunguka moto. Anakumbuka Benako. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakatua kwenye vilima vya Ngara, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Kwa mvuvi wa upande wa Ziwa Victoria kambi ni vibanda vya mwaloni. Kwa Msabato ni makambi, kwa wingi, yale mahubiri ya kila mwaka ambapo familia hubeba magodoro na sufuria zikaenda kulala pamoja. Makambi hayo, niseme tu kwa kupita, ndiyo kambi pekee ninayoijua ambapo swali la usiku halizuki, kwa sababu mama wa mtoto naye amekuja.

Hata Benako ina la kutufundisha. Miongoni mwa wale waliovuka kulikuwa na maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi. Upande wa Goma, Kongo, watoto wa namna hiyo walijazana katika vituo, kila kituo na wafanyakazi wake wa zamu. Ngara, juhudi kubwa ilikuwa kuwaweka kwa familia za wakimbizi wenyewe, watu wa kilima kimoja au wanaosema lugha moja, watakaokula chakula kimoja na kulala chini ya turubai moja. Shule nazo zilianza vivyo hivyo. Walimu walichaguliwa kutoka kwa wakimbizi, wakapewa mafunzo ya siku chache na sanduku la vifaa lililoandaliwa na UNESCO, wakafundisha chini ya miti. Kwa kipimo cha cheti, wengi wao wasingepita. Lakini jioni mwalimu yule alirudi kwenye turubai la jirani wa mwanafunzi wake, na mtoto akiugua usiku ilijulikana ni mlango gani wa kugonga, kama turubai lina mlango.

Nikitazama nyuma zaidi, naona kwamba wazee wetu hawakuuacha usiku ukae bure. Pwani, mtoto wa kiume aliyepelekwa jandoni alikaa kumbini siku nyingi mbali na nyumbani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903, ameandika kwa urefu jinsi mambo yalivyokwenda. Kwa wasichana, kila mwari alikuwa na kungwi wake au somo wake. Huyu hakuwa mwajiriwa wa wiki tatu. Alimfunda mwari, akamsindikiza siku ya ndoa, akaitwa tena wakati wa kujifungua, na ugomvi wa nyumbani ukizidi akatafutwa yeye. Malipo yake yalikuwa kanga, mchele, kuku, na heshima. Gharama hizo hata mkulima aliweza kuzipata baada ya mavuno, ndiyo maana jando na unyago vilingoja mavuno.

Usiku ndio uliokuwa darasa lenyewe. Nyimbo, mafumbo, mizungu, yote yalifundishwa jua likishatua. Kwa wavulana kulikuwa na sababu ya ziada ya kukesha, kwani jeraha bichi haliruhusu mtoto kugeuka ovyo usingizini.

Huku Ziwa Magharibi tulikuwa na yetu. Wahaya walikuwa na muteko, wavulana wa rika moja waliokusanywa kutoka vijijini wakakae kwa vipindi karibu na kikale cha mukama, wajifunze kucheza, kusema mbele za watu, kutumia silaha, na kuvumilia. Ng’ambo ya Kagera, Rwanda, palikuwa na itorero, na vijana wake waliitwa intore. Huko nako jioni ilikuwa na jina lake, igitaramo, baraza la masimulizi na majigambo ambamo kijana alisikiliza wakubwa mpaka usingizi umshinde. Tofauti moja haifai kufichwa. Itorero la ikulu lilikuwa zaidi la watoto wa watu wenye nafasi, wana wa machifu na wa waliowaamini. Serikali ya Rwanda ilipolihuisha jina hilo mwaka 2007, ililifanya la wananchi wote, na hapo ndipo hesabu ya walezi ilipoanza kuwa ngumu. Umutoza, yaani mlezi wa itorero, mmoja aliyewajua baba zao wote ni jambo moja. Kupata walezi wa kutosha nchi nzima ni jambo jingine kabisa.

Wapo wanaodai kwamba tukirudisha jando kila kitu kitanyooka. Sidhani. Kungwi alikuwa na mamlaka makubwa na macho machache ya kumwangalia. Yaliyotendeka kumbini yalikuwa siri, na siri hiyohiyo iliyomfunga mwari asiseme alichofundwa ilimfunga pia asiseme alichofanyiwa. Viboko vilikuwepo, na kuonewa kulikuwepo. Kilichomzuia mlezi mbaya ni jambo moja tu: kwamba kesho na keshokutwa ataishi kijiji kimoja na yule mtoto, atazeeka mbele yake, na pengine atamhitaji. Hicho ni kizuizi kikubwa, lakini hakiwazuii wote.

Wazungu nao walianzia kwa kubahatisha. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zurich aliwachukua watoto 68 wa familia maskini mjini akawapeleka milima ya Appenzell wakapate hewa na maziwa. Walezi wake walikuwa walimu. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, ambaye baadaye angezikwa Nyeri, alifanya kambi ya majaribio ya skauti katika kisiwa cha Brownsea kule Uingereza. Huyu alifanya mambo mawili ninayoyapenda. Kwanza, ada haikuwa moja: wavulana wa shule za matajiri walitoa pauni 1, watoto wa wafanyakazi wakatoa shilingi 3 na peni 6, kisha wakalala na kula pamoja. Pili, aliugeuza usiku kuwa kazi ya watoto. Kila kikosi kilipokea zamu yake ya ulinzi, kikachukua unga, viazi na nyama, kikaenda kupika na kulala mahali pake, kikiweka walinzi, naye mkubwa wa kambi akiwanyemelea kuona kama wako macho.

Ni ujanja mzuri, na ni nafuu pia, maana mlinzi wako ni mtoto mwenyewe. Lakini ujanja huo ukitua kwenye kambi zetu hugeuka. Skauti wa Brownsea alijua kwamba kuna mtu mzima gizani anayemkagua. Kaka mkuu wa darasa la saba anayeachiwa chumba cha wenzake sitini hana mtu gizani. Anaachiwa filimbi na fimbo, basi. Vyama vya skauti vyenyewe vimejifunza kwa uchungu, na siku hizi utaratibu wao wa kulinda watoto hautaki mtu mzima mmoja awe peke yake na mtoto mahali pa faragha. Lazima wawe wawili. Nalitia hili hapa kwa makusudi, kwa sababu huku tukisema “usiku pawe na mtu” tunaweza kumweka mtu mmoja, mwanamume asiyejulikana vizuri, na tukawa tumelifanya tatizo kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Ufaransa ndiyo iliyolifikisha jambo hili mbali zaidi kwa njia ya sheria. Kambi zao za likizo, colonies de vacances, kwa miongo mingi ziligharamiwa na manispaa, viwanda na mifuko ya familia ili mtoto wa mfanyakazi naye aone bahari. Anayetaka kulea watoto huko anatafuta cheti kiitwacho BAFA, kilichoanza kwa jina hilo mwaka 1973: siku 8 za darasani, siku 14 za vitendo na watoto halisi, kisha siku 6 za kukamilisha. Umri wa kuanza ulikuwa miaka 17, na mwaka 2022 ukashushwa hadi 16. Kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea, mlezi mmoja hapewi zaidi ya 12. Angalau nusu ya walezi wawe na cheti, na wasio na sifa yoyote wasizidi moja ya tano.

Ukisoma hayo ukiwa Nyabusozi, unacheka kidogo kwa wivu. Subiri kwanza. Mlezi huyo mwenye cheti alichokilipia mwenyewe hulipwa kwa siku, na kwa miaka mingi kima cha chini cha siku nzima kilikuwa mara 2.2 ya kima cha chini cha saa moja. Yaani aamke na watoto, ale nao, aogelee nao, awalaze, awe chumba cha pili wakilia usiku, kisha alipwe kama aliyefanya kazi saa mbili na dakika kumi na mbili. Chama kimoja cha wafanyakazi kilikwenda mahakamani, na Oktoba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba walezi hawa, ingawa mkataba wao hauwaruhusu kuzidi siku 80 kwa mwaka, ni wafanyakazi kama wengine na wanastahili mapumziko ya saa 11 katika kila siku, au fidia ya mapumziko hayo. Wenye kambi wakaingiwa na hofu: ukimpumzisha mlezi saa 11, usiku utamlipa nani mwingine, na bei ya kambi itabaki nafuu vipi? Sheria ya mwaka 2012 ikatafuta suluhu ya kati, kwamba mapumziko yaweze kupunguzwa au kusogezwa, kisha yafidiwe.

Kwa hiyo hata Mfaransa, pamoja na cheti chake na hesabu yake ya mmoja kwa 12, usiku ulipopigiwa hesabu mahakamani alishikwa pabaya kama sisi. Unafuu wa kambi zake ulikuwa umesimama juu ya usingizi wa vijana wa miaka 19.

Sisi tunao mfano wa nyumbani ulio karibu na wa Kifaransa, na watu hawauhesabu kuwa ni kambi ya watoto. Nao ni UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Kila mwaka mtoto wa shule ya msingi anayekimbia vizuri au anayeimba vizuri huondoka kata yake, akapita wilaya, akaingia kambi ya mkoa, na akibahatika akafika taifa, kama Tabora mwaka 2022. Hulala kwenye shule au vyuo, magodoro chini, na mzazi hadaiwi sehemu kubwa ya gharama. Kila timu ina mwalimu wake, matroni wake, mtu wa huduma ya kwanza. Nimewaona walimu hao asubuhi, macho mekundu, wakihesabu vichwa kabla ya uji. Si malaika. Lakini kila mmoja ana cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, na mwenye cheki namba anapatikana. Akiharibu, mwajiri anajua anapofanya kazi, mkurugenzi ana faili lake, na mzazi ana pa kwenda kulalamika.

Kambi ya masomo haina hata hilo. Ruzuku ya serikali ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haina fungu la usiku wa likizo. Kwa hiyo kambi huendeshwa kwa michango na kwa vijana wa tempo, mara nyingi mhitimu wa chuo cha ualimu anayengoja ajira, anayelipwa kwa vipindi alivyofundisha. Simlaumu. Analipwa kwa kipindi, na usiku hauna vipindi. Saa mbili na nusu anapanda bodaboda anakwenda kulala, na ana haki ya kwenda.

Nilikaa kambi ya namna hiyo nilipokuwa darasa la saba, katika shule nisiyotaka kuitaja. Saa tatu usiku tulifungiwa kwa nje, kwa usalama wetu, na ufunguo ukaenda nyumbani na mtu. Usiku mmoja jirani yangu wa godoro alishikwa na homa, akatapika, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Tuligonga mlango, tukagonga madirisha, mmoja wetu akapiga sahani ya bati kwa kijiko mpaka mkono ukachoka. Mbwa walijibu. Tulimwagia maji ya kunywa kichwani, kikombe kwa kikombe, tukihesabu yaliyobaki. Ufunguo ulirudi saa kumi na mbili kasoro, na aliyefungua mlango aliuliza nani kachafua sakafu.

Yule mwenzangu alipona. Ila tangu siku ile nikisoma habari ya bweni na mlango, ninaisoma mara mbili. Septemba 14, 2020, hapa hapa Kagera, wilayani Kyerwa, moto uliingia bweni la shule ya msingi usiku na watoto 10 wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo unahitaji malezi ya nyumbani. Nauunga mkono. Lakini waraka ulihesabu umri wa mtoto. Wa kuhesabu watu wazima walio macho saa nane za usiku bado sijauona, na mtoto wa darasa la saba, pamoja na ndevu mbili tatu za kujisifia, akishikwa na homa anamwita mama kama wa darasa la pili.

Nikilazimishwa kuchagua, nachukua hesabu ya Mfaransa, na wawili wa skauti, lakini mlezi mwenyewe namtafuta kwa macho ya kungwi: nani hapa atamkuta mtoto huyu sokoni mwakani, na itambidi amtazame usoni? Cheti ni mbadala wa kufahamiana. Mjini, ambako mzazi wa Kimara hamjui mlezi wa Kibaha, kidai, na ukidai kwa sauti. Kijijini kufahamiana tunako bure, na bado tunamwachia mtoto mwenzake filimbi.

Kikaoni, baada ya lile swali, Mwenyekiti alitaja mlinzi wa shule. Mama hakukaa. “Mlinzi analinda mabati, baba. Mimi nauliza watoto.” Mzee mmoja akataja sungusungu, watu wakacheka, naye akacheka. Kisha baba mmoja fundi baiskeli akasema yeye Jumanne anaweza, kama atapata mwenzake. Mwalimu Mkuu akafuta hesabu ya kuni, akachora jedwali, usiku 21, vyumba viwili, nafasi mbili mbili. Jina la fundi likaandikwa. Likafuata la jirani yake. Hadi tunatawanyika, Ijumaa zote zilikuwa wazi, kwa sababu Jumamosi ni siku ya gulio.

Usiku wa kwanza aliuchukua yule mama, pamoja na shemeji yake. Nilikuwepo kwa kuwa nilimpeleka mpwa wangu na godoro lake. Juni huku ina baridi kavu. Alikuja amejitanda kitenge juu ya sweta, mkeka kwapani, taa ndogo ya sola mkononi, na mtoto yuleyule mgongoni amelala. Mwalimu wa zamu akamkabidhi ufunguo wa darasa la wasichana, umefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

“Huu unafunga kwa nje, Mwalimu?”

“Kwa nje, mama.”

Akamrudishia. Akaingia ndani, akasogeza ndoo ya maji pembeni, akatandika mkeka palepale mlangoni.